Mizani ya Ndege ya Kujiundia

Mtu apitaye Turiani majira ya mavuno ya mpunga hakosi kuiona pikipiki iliyoongezwa chuma nyuma na fundi wa kuchomelea, ikapakiwa magunia mawili, ikaelekezwa njia ya vijiji vya milima ya Nguru. Nayo ifikapo penye mwinuko gurudumu la mbele huwa jepesi, usukani ukapoteza utii, na dereva, ambaye hakuisoma elimu ya mizani katika darasa lolote, hulalia kifua tangi la mafuta, au hushuka akasogeza mzigo mbele kwa shubiri moja. Shubiri hiyo ndiyo tafauti baina ya kufika na kubingirika. Nimeanza na pikipiki kwa makusudi, kwa sababu maarifa yaliyomo katika shubiri ile ndiyo atakiwayo kuwa nayo mtu aazimiaye kuunda ndege ndogo kwa mikono yake, na hasa yule ambaye, kabla hata ya kuimaliza, hujiona amemzidi akili aliyeibuni, akaanza kubadili hiki na kile.

Jambo lenyewe si baidi nasi kama lidhaniwavyo. Ukitoka Turiani ukashuka mpaka Magole, ukaishika barabara kuu hadi mji wa Morogoro ulioegemea Uluguru, utaikuta kampuni iitwayo Airplanes Africa Limited, yenye asili ya Jamhuri ya Cheki, ambayo katika miaka hii ya karibuni imeunganisha ndege za Skyleader 600: ndege ya watu wawili waketio ubavu kwa ubavu, mwili wake bati la alumini na mabawa yake yametokea chini. Ile ni karakana ya kampuni, wala ndege itokayo humo haihesabiwi kuwa ya kujiundia. Walakini kazi ya mkono ni ya jamii moja na ile ifanywayo na mstaafu wa Marekani au mkulima wa Australia katika banda la nyuma ya nyumba yake, baada ya kuletewa makasha yenye vipande vilivyokatwa tayari.

Kazi hiyo ikoje? Aghalabu ni kazi ya kuchosha zaidi kuliko ya kutisha. Mabati huja yametobolewa matundu na mashine, kiasi kwamba tundu la ngozi ya bawa hulingana na tundu la ubavu ulio ndani yake. Muundaji huyashikiza kwa vibanio vya muda, huyatazama, huyapitisha keekee ili tundu lifikie kipimo, kisha huyafungua tena yote aliyoyafunga, akasugua ukingo wa kila tundu mpaka kidole kisihisi ukwaru, kwa kuwa ukwaru mdogo usioonekana na jicho ndiko ufa uzaliwako baada ya miaka ya mtetemo. Ndipo hutiwa ribiti, moja baada ya moja, maelfu. Anayedhani ataonja ladha ya mawingu tangu siku ya kwanza atapata ladha ya tupa na vumbi la alumini, na si wachache ambao makasha yao yameuzwa na warithi.

Wenye subira huona matokeo. Mwaka 2019 vijana 20 wa Afrika Kusini, wakiongozwa na binti wa miaka 17 aitwaye Megan Werner, waliunganisha ndege ya viti vinne aina ya Sling 4 iliyotoka kiwandani kwao vipande vipande, kazi ya wiki tatu, na wenzao wakairusha kutoka Cape Town mpaka Cairo, safari ya takriban kilomita 12,000 ambayo vituo vyake vilikuwamo Malawi, Zanzibar na Uganda. Injini na vyombo vya kuongozea walifungiwa na mabingwa, nami naona hilo halikuwapunguzia heshima hata chembe. Kujua mahali pa kuuacha mkono wako na kumpisha ajuaye ni sehemu ya ufundi. Sheria ya Marekani, kwa mfano, humtaka muundaji awe ametenda zaidi ya nusu ya kazi yeye mwenyewe ndipo ndege ihesabiwe kuwa yake, lakini haimkatazi kuomba msaada katika iliyobaki. Hapa kwetu, kabla ya kuandikwa ubavuni zile alama za 5H zitambulishazo ndege za Tanzania, ni lazima Mamlaka ya Usafiri wa Anga iridhike.

Sasa tuje kwenye kubadili, ambako ndiko kwenye hadhari. Mwezi wa Oktoba mwaka 1997 mwimbaji mashuhuri wa Marekani, John Denver, alianguka baharini katika pwani ya California, akafa, akiwa peke yake katika ndege ya kujiundia aina ya Long-EZ ambayo aliinunua muda mfupi tu kabla ya hapo. Mbunifu wake, Burt Rutan, alikuwa ameiweka koki ya kuchagulia tangi la mafuta mbele ya rubani, mahali ambapo mkono huifikia bila ya mwili kugeuka. Muundaji wa ndege ile moja, kwa nia njema ya kuyaepusha mabomba ya petroli yasipite chumbani, aliihamishia ukutani nyuma ya bega la kushoto. Wachunguzi walieleza kwamba rubani, mafuta ya tangi moja yakielekea kwisha, alilazimika kujipinda ili aifikie koki ile ngumu, na katika kujipinda huko yaelekea mguu wake wa kulia ulikanyaga kanyagio la usukani wa mkia. Tazama jinsi mambo yalivyofungamana: bomba limehamishwa, bega limegeuka, mguu umesukuma, ndege imepinda. Hapana hata kimoja katika hivyo kilicho kiovu peke yake.

Na rangi je? Nani angedhani rangi ina hatari? Kile kibawa chenye bawaba kilicho ukingoni mwa bawa, ambacho huilaza ndege upande huu au ule, husawazishwa kwa uzito kama mzani wa sonara. Mtu akipenda kingʼare zaidi, akakiongezea mapako mawili ya rangi nyuma ya bawaba, uzito hurudi nyuma, na katika mwendo mkali kibawa kinaweza kuanza kutikisika chenyewe kama jani la mgomba, kwa nguvu ya kuling'oa bawa katika muda usiotosha kusema bismillahi. Ndiyo maana fundi mwenye adabu akishapaka rangi husawazisha upya.

Tuseme basi kwamba mtu wa Turiani amepata ndege ya watu wawili mfano wa Skyleader 600, ambayo uzito wake wote wakati wa kuruka haupasi kuzidi kilo 600. Atapenda magurudumu manene, maana viwanja vya nyasi vina mashimo. Atapenda na tangi kubwa zaidi, na kwa kuwa injini yake ya Rotax yenye nguvu za farasi 100 hukubali petroli ya magari, hatakuwa na dhiki ya kuitafuta ile petroli adimu ya ndege. Matakwa hayo yote ni halali. Lakini kila moja humrudisha kwenye mizani: ndege husukumwa juu ya mizani mitatu, mmoja chini ya kila gurudumu, na hesabu ikaandikwa si ya uzito tu bali na ya mahali uzito ulipo, kwa sababu tangi liwekwalo nyuma ya viti ndilo lile gunia la pikipiki.

Tupige hesabu. Ndege tupu, pamoja na magurudumu yake manene, iwe kilo 350. Rubani kilo 80, abiria kilo 80. Petroli lita 100, ambazo ni karibu kilo 72. Zimebaki kilo 18, yaani takriban debe moja la mchele. Na abiria akitokea uwanjani na debe la pili, akisema ni zawadi ya shangazi yake aliyeko Morogoro, rubani hana budi kuchagua kipi kibaki chini: mchele, petroli, au abiria.