Kibubu, Kikoba au Hati Fungani?

Nilipovunja kibubu changu cha mbao, mchwa walikuwa wamenitangulia. Noti mbili za elfu kumi zilibaki nusu, na mchwa hawatoi risiti. Hata bila mchwa, bei zikipanda kwa asilimia 3 kwa mwaka, milioni moja iliyolala humo hununua kama ya 970,000. Lakini mtoto akipandwa na homa saa nane usiku, kibubu kipo chini ya kitanda. Hapo ndipo ninapoanzia kulinganisha: hela naipata lini?

Benki kuna amana ya muda maalumu. Tuseme wanakupa asilimia 8: milioni moja inazaa 80,000, kodi ya zuio inabeba 8,000, unabaki na 72,000. Ukiihitaji kabla ya muda, riba inapungua au inapotea yote. Benki ikifilisika, bima ya amana hulipa hadi shilingi 7,500,000.

Mfuko wa Ukwasi wa kampuni ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS unaingia kwa 100,000, kisha unaongeza kuanzia 10,000. Hawatozi ada ya kuingia wala ya kutoka. Ukiomba hela, unasubiri siku chache za kazi. Homa ya Ijumaa usiku itafute kwingine.

Hati fungani ya serikali ya miaka 25 huanzia milioni moja, hulipa riba mara mbili kwa mwaka, na riba hiyo haikatwi kodi. Nina miaka 46. Unaweza kuiuza soko la hisa kabla haijaiva, ila bei ataisema mnunuzi.

Kikoba ndicho kinachonipa tabu kukipigia hesabu. Sanduku letu lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Hisa 5,000, mfuko wa jamii 1,000, ukichelewa faini 1,000, na mkopo hadi mara tatu ya hisa zako. Gharama yake ni jioni yangu ya kila Jumapili, pamoja na hatari: mwenzetu mmoja alikopa, akahama mtaa, tukagawana hasara Desemba. Ila mama mkwe alipofariki, wanakikoba walifika na masufuria na mchele hata kabla mhazini hajafungua sanduku. Huduma hiyo sijaikuta kwenye kipeperushi cha benki yoyote.

Basi nimegawa hivi: laki moja ya dharura ipo kwenye simu, makato ya kutoa nayavumilia. Kikoba kinapata cha kila Jumapili, kinachobaki mwisho wa mwezi kinakwenda Mfuko wa Ukwasi. Hati fungani itasubiri watoto wamalize shule.

Kuna 10,000 ya kila mwezi ambayo siiandiki. Ni ya pweza na supu yake, Jumamosi jioni, mimi na wanangu tumesimama kando ya sinia la muuzaji, kila mmoja na kijiti chake. Mama watoto akikagua daftari huliona pengo. Hasemi kitu, ila hutaka afungiwe na vipande vyake.