Mzazi Aambiwe Mtoto Wake Anasoma Nini Wiki Hii

Ukikusanya matangazo yote ambayo shule ya msingi ya kawaida hapa Tanzania humpelekea mzazi kwa mwaka, utaona mengi yanazunguka mambo matatu. Kuna mchango: wa chakula cha mchana, wa mlinzi, wa mitihani ya majaribio, wa kumalizia boma la darasa. Kuna kikao, ambacho mara nyingi ajenda yake kuu ni huo huo mchango. Halafu kuna ripoti ya muhula, karatasi yenye alama za kila somo, wastani, nafasi ya mtoto darasani na maneno mawili ya mwalimu: "Aongeze bidii." Kinachokosekana ni habari ya jambo lenyewe lililompeleka mtoto shuleni. Mzazi mwenye mtoto darasa la pili hajui kama wiki hii wanajifunza kutoa namba za tarakimu mbili au kusoma habari fupi na kujibu maswali. Habari hiyo ndogo, ya wiki kwa wiki, ndiyo inayostahili kutangulia nyingine zote, na shule za serikali zinaweza kuitoa kwa uwezo zilio nao leo.

Tulifikaje hapa? Kwa miaka mingi mzazi alijulikana shuleni kama mlipaji. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, michango ikabaki na kuongezeka, hadi Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ulipoelekeza kwamba kuanzia Januari 2016 elimumsingi itolewe bila ada wala michango ya lazima. Uamuzi huo ulikuwa wa haki na uliwaingiza darasani watoto ambao wangebaki nyumbani. Lakini ulipoondoa malipo, haukuweka kitu kingine mahali pake. Wazazi wengi waliusikia kama tangazo kwamba serikali imebeba kila kitu, na shule nyingi, zilipokosa sababu ya kumwita mzazi kwa ajili ya fedha, zikakosa sababu ya kumwita kabisa, mpaka michango iliporudi. Waraka wa mwaka uliofuata ulifafanua wajibu wa mzazi: sare, madaftari, kalamu, chakula, mahudhurio. Hayo yote ni mahitaji, na mzazi anaweza kuyatimiza yote pasipo kujua mtoto wake anafundishwa nini.

Matokeo ya pengo hilo, lililokuwapo hata kabla ya waraka, yalipimwa. Tathmini za mwanzo za Uwezo, zilizofanywa nyumba kwa nyumba kuanzia 2010 na kusimamiwa na shirika la Twaweza, zilionyesha kwamba ni takriban watoto watatu tu katika kila kumi wa darasa la tatu waliokuwa na uwezo wa kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Wale wasioweza nao walikuwa wakienda shule. Wengi wao walikuwa wamekwisha kuleta ripoti za muhula nyumbani zaidi ya mara tatu, na mzazi alikuwa amekwisha kuambiwa mtoto ni wa 27 kati ya 80. Lakini wa 27 anasoma au hasomi? Nafasi haijibu swali hilo. Katika darasa ambalo wengi hawajui kusoma, hata mtoto wa kumi anaweza kuwa hajui kusoma, na mzazi wake akalala usingizi wa amani. Baraza la Mitihani liliacha mwanzoni mwa 2023 kutangaza orodha ya shule kumi bora na wanafunzi bora kitaifa. Ni hatua njema, ila kwenye ripoti za ndani za shule zetu nyingi nafasi bado inatawala.

Hapa panakuja pingamizi zito kuliko yote, nalo linatoka kwa watafiti. Evan Lieberman, Daniel Posner na Lily Tsai walichunguza nchini Kenya kama wazazi waliopewa na wapimaji wa Uwezo matokeo ya watoto wao, pamoja na vidokezo vya namna ya kusaidia, walibadilika. Utafiti wao, uliochapishwa 2014, haukuona tofauti ya maana kati ya wazazi hao na wale ambao hawakupewa kitu. Kule India, katika wilaya ya Jaunpur jimboni Uttar Pradesh, Abhijit Banerjee, Esther Duflo na wenzao walikuta jambo linalofanana: kuwaeleza wanakijiji hali ya elimu na kazi ya kamati zao za elimu hakukubadilisha ushiriki wao wala ufundishaji shuleni. Mtu anaweza kusoma tafiti hizi akahitimisha kwamba kumpa mzazi habari ni kupoteza muda.

Nadhani hitimisho hilo ni la haraka. Katika utafiti huo huo wa Jaunpur kulikuwa na vijiji vingine ambako, mbali na kuelezwa hali, vijana wa kujitolea walifunzwa namna ya kuendesha kambi za kusoma. Huko watoto waliohudhuria walipiga hatua kubwa. Kilichotofautisha ni kazi mahususi ya kufanya, inayoeleweka, inayoanza mara moja. Na ziara moja ya mpimaji asiyemfahamu mtoto, ambaye hatarudi, si sawa na neno la kila wiki kutoka kwa mwalimu wa darasa. Nchini Chile, wazazi wa shule za kipato cha chini walitumiwa mfululizo ujumbe mfupi wa simu kuhusu mahudhurio, mwenendo na alama za hisabati. Alama za hisabati na mahudhurio vikapanda. Botswana, shule zilipofungwa 2020 kwa sababu ya korona, familia zipatazo 4,500 zilihusishwa katika jaribio la kupeleka hesabu nyumbani. Ujumbe wa simu peke yake haukuonyesha matunda ya kutajika. Ujumbe uliofuatwa na simu ya dakika chache kila wiki, mpigaji akizungumza na mzazi na mtoto pamoja, uliinua uwezo wa watoto katika hesabu za msingi. Njia hiyo ilijaribiwa baadaye katika nchi nyingine tano, Kenya na Uganda zikiwemo, na ikaonekana kufaa. Ukiziweka tafiti hizi pamoja zinakubaliana: habari ya mara moja, isiyo na kazi mahususi ndani yake, hufa mlangoni, ila habari ndogo, ya mara kwa mara, inayofuatiliwa, huzaa matunda.

Sisi Watanzania tuna faida ambayo majirani wengi hawana, nayo hatuitumii. Shule zetu za msingi za serikali, kwa sehemu kubwa, hufundisha kwa Kiswahili. Mama aliyeishia darasa la saba anaweza kufungua kitabu cha mwanawe cha darasa la tatu akaelewa kilichoandikwa, jambo ambalo mama mwenziwe katika nchi inayofundisha kwa Kiingereza au Kifaransa pengine haliwezi. Kwa hiyo ujumbe wa shule hauhitaji utaalamu wowote. Unaweza kusomeka hivi: "Wiki hii darasa la pili tunasoma habari fupi kwa sauti. Jioni mwambie mwanao akusomee ukurasa mmoja, kisha umwulize nani ametajwa na alifanya nini. Akikwama kwenye maneno zaidi ya matano, mwambie mwalimu." Sentensi tatu. Mzazi anayezipokea anajua kinachofundishwa, anajua la kufanya, na anajua dalili ya kumpeleka shuleni kabla mambo hayajaharibika. Haja hii imekuwa kubwa zaidi tangu Januari 2024, mtaala mpya ulipoanza kutumika katika elimu ya awali, darasa la kwanza na la tatu, kwa sababu mzazi hawezi tena kutegemea kumbukumbu ya alivyosoma yeye.

Walimu watasema, na wana haki ya kusema, kwamba wameelemewa. Uwiano uliowekwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na kila mtu anajua madarasa ya kwanza yaliyojaa watoto zaidi ya mara mbili ya hapo. Kuwataka waandike barua kwa kila mtoto kungekuwa ukatili. Ninachopendekeza ni ujumbe mmoja kwa darasa zima, na maneno yake tayari yamo kwenye andalio la somo ambalo mwalimu analazimika kuliandaa kwa vyovyote. Simu za wiki, kama zile za Botswana, zihifadhiwe kwa watoto wachache walio nyuma kabisa, na Serikali ilipe muda wa maongezi. Mwalimu asiutoe mfukoni mwake. Tujifunze pia kwa Kenya, ambako mtaala wa umilisi ulioanza 2019 uliwataka wazazi wahusike, na malalamiko yakawa mengi kuhusu vifaa vya kununua na kazi za kuchapisha ambazo hatimaye mzazi ndiye aliyezifanya. Kazi inayokwenda nyumbani isigharimu senti, imalizike kwa robo saa, na aifanye mtoto mwenyewe. Ikivuka hapo, imekuwa mchango kwa jina jingine.

Kuna wasio na simu, na kuna wasiojua kusoma. Kwao kundi la WhatsApp, ambalo shule nyingi za mijini zimelikimbilia, ni ukuta mwingine. Ubao wa matangazo langoni unafaa, na mikutano ya kitongoji inafaa. Ila njia ya uhakika kuliko zote ni mtoto mwenyewe: mwalimu awafundishe Ijumaa kuusema ujumbe kwa kinywa, wafike nao nyumbani, na mzazi asiyejua herufi aombe asomewe, kwa maana kusikiliza hakuhitaji cheti. Makundi ya simu yakitumika, yabebe habari za darasa tu. Alama za mtoto mmoja mmoja hazipaswi kubandikwa mbele ya wazazi mia, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatupa sababu ya kuwa makini.

Kamati za shule zina wazazi ndani yake, na ajenda za vikao si siri ya mwalimu mkuu. Katika kikao kijacho, kabla ya kufika kwenye michango, mzazi na anyooshe mkono aombe jambo moja liingizwe kwenye muhtasari: kila mwalimu wa darasa aeleze kila wiki, kwa sentensi tatu, watoto wanasoma nini na nyumbani wafanye nini.