Leseni Inayomlinda Mwandishi wa Programu Huria

Programu huria ni programu ya kompyuta ambayo mwandishi wake huuacha wazi msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha kompyuta, ili yeyote ausome, aubadilishe na kuugawa bila malipo. Uwazi huo umewafanya wengi wadhani kwamba kazi ya namna hiyo haina mwenyewe, na dhana hiyo ilipimwa mahakamani nchini Marekani katika kesi ya Jacobsen dhidi ya Katzer, iliyohusu treni ndogo za mfano.

Robert Jacobsen, profesa wa fizikia huko California, alisimamia watu waliojitolea kuandika JMRI, programu ya kuendeshea treni hizo, na kuitoa kwa leseni, yaani kibali chenye masharti: atakayeitumia abakize majina ya waandishi na tangazo la hakimiliki, na aonyeshe alichobadilisha. Kampuni ya Matthew Katzer ilichukua baadhi ya mafaili, ikayatumia katika programu yake yenyewe bila majina wala tangazo hilo. Jacobsen alishtaki mwaka 2006, lakini mwaka uliofuata mahakama ya chini ilikataa kutoa zuio la kukomesha matumizi hayo, ikisema kwamba kosa hilo, kama lipo, ni la kuvunja mkataba tu.

Hapo ndipo penye uzito wote wa shauri hili. Mkataba ukivunjwa, mdai hulipwa fidia kwa kadiri ya hasara aliyopata. Na aliyetoa kazi yake bure atahesabu hasara ya shilingi ngapi? Lakini hakimiliki ikikiukwa, mahakama inaweza kuamuru matumizi yakome.

Tarehe 13 Agosti 2008 mahakama ya rufani ilitengua uamuzi wa mahakama ya chini. Majaji waliyasoma maneno ya leseni yenyewe, wakaona kwamba ruhusa ilitolewa "kwa sharti kwamba" yafuatayo yatimizwe, maneno ambayo katika sheria ya California huweka sharti la kweli, kwa hiyo anayenakili nje ya masharti hayo anaweza kushtakiwa kwa kukiuka hakimiliki. Walitambua pia, na kwa haki kabisa, kwamba asiyelipwa fedha bado hupata sifa, watumiaji na maboresho kutoka kwa wenzake, na kwamba masharti ya leseni hulinda malipo hayo.

Mwaka 2010 pande mbili zilipatana: Katzer akakubali kulipa dola 100,000 na kufungwa na zuio la kudumu dhidi ya kunakili mafaili ya JMRI.