Ukiondoa Uvumi, Ziba Pengo

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Sibishani na wahenga, lakini siasa zikipamba moto njia hiyo hurefuka ajabu. Sisi Wakenya twajua. Katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha. Sisemi ati uvumi peke yake ndio uliowaua, ila ulichochea moto. Je, aliyekwisha kuamini uongo husahihishwaje?

Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Hollyn Johnson na Colleen Seifert, walilichunguza jambo hili mwaka wa 1994. Waliwapa watu habari za ghala lililoungua. Kwanza habari zilisema kwamba stoo yake ilikuwa na makopo ya rangi na mitungi ya gesi. Baadaye zikasema la, stoo ilikuwa tupu. Watu waliyakumbuka masahihisho hayo, lakini walipoulizwa kuhusu moto ule, bado walitaja rangi na gesi! Kwani vipi? Akili haipendi pengo. Ukininyang'anya sababu bila kunipa nyingine, nitaishikilia ile ile. Walioelezwa kwamba moto ulitiwa kwa makusudi hawakuitegemea sana rangi.

Wengine huogopa kwamba mfuasi wa chama akisahihishwa atazidi ukaidi. Hofu hii ilipata nguvu mwaka wa 2010, Brendan Nyhan na Jason Reifler walipoonyesha kwamba baadhi ya wahafidhina wa Marekani, walipoambiwa Iraki haikuwa na silaha za maangamizi, walizidi kuamini kuwa ilikuwa nazo. Hata hivyo, mwaka wa 2019 Thomas Wood na Ethan Porter walichapisha majaribio ya watu zaidi ya 10,000 juu ya mambo 52. Ukaidi wa aina hiyo ulikuwa adimu mno. Watu husogea wakielezwa ukweli, ingawa huenda wakampigia kura mgombea yule yule.

Sasa tuje nyumbani. Tuseme jirani asema, "Matokeo yamechelewa, basi kura zimeibwa." Ukimjibu "Uongo!" umemwachia pengo. Afadhali umwambie, "Mzee, mwaka wa 2022 vituo vya kura vilikuwa zaidi ya 46,000. Kila kituo kina Fomu 34A yake, na fomu za kura ya urais sharti zifikishwe Nairobi zihakikiwe. Ndiyo maana sheria inatoa siku saba." Hapo umempa sababu badala ya sababu. Usimwite mjinga, wala usiurudierudie ule uongo, maana jambo likisikika mara nyingi huanza kufanana na kweli.

Kumsahihisha mtu si kumshinda kwa maneno. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta kati ya majirani ni ghali kuubomoa.

Naweka kalamu chini. Alamsiki!

Mwanachama, Kidato cha Tatu