Jumba la Leeds: Madiwani Juu, Mahabusu Chini

Sisi tuvaao sare huyatazama majumba makubwa kwa jicho la lindo: mlango uko wapi, nani aingia, nani atoka. Jumba la Halmashauri ya mji wa Leeds, kaskazini mwa Uingereza, lastahili jicho hilo, kwani aliyelichora aliwakumbuka polisi pamoja na madiwani.

Mchoraji huyo ni Cuthbert Brodrick, aliyezaliwa mwaka 1821. Aliposhinda mashindano ya michoro mwaka 1852 alikuwa kijana asiyejulikana, na wakubwa wa mji wakaingiwa na shaka. Wakamwuliza mwamuzi wao, Sir Charles Barry, mjenzi wa Bunge la London, iwapo kijana huyo angeweza kuaminiwa. Barry akamkingia kifua. Wangapi kati yetu tulikabidhiwa kikosi cha kwanza kwa neno la mkubwa wa namna hiyo!

Ujenzi ulianza mwaka 1853, na vita vikali vikawa juu ya mnara. Baadhi ya madiwani walisema hauna kazi, nao utakula fedha za walipa kodi. Wengine wakanena kuwa mji wa viwanda vya sufu, unaoshindana na jirani yake Bradford, haufai kuona haya. Mnara ukajengwa, wenye saa na kuba, kimo chake futi 225. Gharama za jumba zima zilipita pauni 100,000, zaidi ya maradufu ya makisio. Wapinzani walikuwa na haki ya kuhoji. Hata hivyo, kwa maoni yetu, jumba hilo bila mnara lingekuwa kama askari gwarideni bila kofia.

Malkia Victoria alilifungua tarehe 7 Septemba, 1858. Mbele zimesimama nguzo 10 za mtindo wa Korintho, na simba wanne wa mawe waliowekwa mwaka 1867. Ndani mna ukumbi mkuu wenye kinanda kikubwa cha mabomba. Chini ya ngazi za mbele mna seli. Mahabusu alipandishwa kwa ngazi za ndani hadi kizimbani bila kukanyaga barabara. Aliyewahi kusindikiza mfungwa katikati ya umati atajua thamani yake.

Mabomu ya Wajerumani ya Machi 1941 yaliliharibu upande wa mashariki, lakini mnara haukuanguka. Kazi za mahakama zilikoma humo mwaka 1993. Seli zingalipo.