Picha ya Mtoto: Nguo Rahisi, Uso Uonekane

Mwezi huu tuzungumze jambo ambalo wengine wataliona dogo: picha ya mtoto mchanga.

Mimi sina hata picha moja ya utotoni mwangu. Zote zilibaki nyumbani siku tuliyokimbia. Mama akiniambia nilikuwa na mashavu makubwa, nakubali tu, ushahidi sina. Ndiyo maana nikisikia mzazi anasema "tutampiga picha tukipata pesa ya nguo," naumia. Mtoto hangoji. Leo analala, kesho anatambaa, keshokutwa anakimbia.

Mpwa wangu alipofika miezi minne tulimpeleka studio moja hapa Kampala. Tukamkodia koti na tai. Joto likamshika, akalia mpaka mwisho. Kesho yake tulimvalisha fulana nyeupe ya mivumba kutoka Owino, tukamlaza juu ya kitenge cha mama yake, akacheka. Hiyo ndiyo picha tuliyomtumia bibi yake Bukavu.

Kule Gulu kuna funzo. Gulu Real Art Studio ilifunguliwa mwaka 1973. Watu walikwenda kupiga picha za vitambulisho, na asiye na koti aliazimwa la studio. Uso ulikatwa ukabandikwa kwenye kitambulisho, karatasi iliyobaki ikawa takataka. Martina Bacigalupo, mpiga picha wa Italia, aliziokota karatasi hizo, na mwaka 2013 zikatoka kitabuni. Unaona makoti, magauni, mikono, hata watoto wamepakatwa, lakini hujui ni nani. Nguo haimtambulishi mtu, ndugu zangu. Uso ndio unaomtambulisha.

Basi fanyeni hivi:

- Chagua nguo safi, laini, ya rangi moja. Yenye maandishi makubwa inavuta macho. Kofia isifunike paji la uso.
- Tandika kitenge, kanga au mkeka. Kama nguo ina maua, chini pawe bila maua.
- Weka kitu kimoja tu cha kwenu: kikapu, kibuyu, au kitambaa alichoshona shangazi. Vikiwa vitano, mtoto anapotea.
- Usimfunge shanga wala kamba shingoni, na usimpe kitu kidogo anachoweza kumeza.
- Asiyejua kukaa, mlaze chali au mpakate. Usimweke kwenye beseni juu ya meza na kurudi nyuma. Mtu mmoja awe karibu na mkono wake.
- Piga asubuhi, karibu na mlango, mtoto akiwa ameshiba. Mwanga wa mlangoni unatosha, flashi ya nini? Simu ya jirani inafaa kabisa.

Picha si pambo tu. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walipoingia Goma, watoto wengi walipotezana na wazazi. Mashirika yalipiga picha za watoto na kuzibandika ili ndugu wawatambue. Mtoto mdogo hawezi kutaja jina la baba yake. Uso wake ulimsemea.

Kwa hiyo ukiisafisha picha, andika nyuma kwa penseli: jina la mtoto, siku aliyozaliwa, mahali, majina ya baba na mama. Moja ibaki nyumbani pamoja na karatasi zenu muhimu, nyingine mpe ndugu aliye mbali. Na kama kuna watu mnaowaogopa, msipige mbele ya mlango wenye namba wala kibao cha mtaa, na msiisambaze ovyo kwenye simu.

Mama aliye na fulana moja tu, usione haya. Ifue leo jioni, ianike, kesho asubuhi mpige mtoto picha. Siku moja atakuuliza alikuwaje, nawe utafungua bahasha umwonyeshe.