Mume na Mke Waliozunguka Dunia kwa Merikebu Yao

Wasomaji wetu waliopata kuvuka kutoka Mombasa hata Unguja katika jahazi wakati wa kusi wajua jinsi bahari ilevyavyo. Mtu apanda chomboni akicheka, na baada ya saa moja alala kifudifudi, wala hataki kusemeshwa. Basi na wafikiri habari za mwanamke aliyelewa bahari mara nyingi mno, naye hata hivyo akakubali kusafiri pamoja na mumewe na watoto wao karibu mwaka mzima, mpaka wakaizunguka dunia yote. Habari hizo twapenda kuwapasha mwezi huu, kwa sababu mna ndani yake mambo ya kuzifaa nyumba zetu, na tena jambo moja lililotusumbua moyo tulipolisoma.

Bwana Thomas Brassey alikuwa Mwingereza tajiri, mjumbe wa Bunge. Baba yake alipata mali kwa kujenga reli katika nchi nyingi. Mkewe aliitwa Anna, lakini jina alilojulikana nalo ni Annie. Walijaliwa watoto 5, mmoja wa kiume na wanne wa kike. Mmoja wa mabinti hao, Constance, alifariki mwaka wa 1873 kwa homa kali iletayo vipele vyekundu, naye alikuwa na umri wa miaka 4 tu. Nyumbani walizoea kumwita Sunbeam, yaani Mwale wa Jua. Mwaka wa pili yake, merikebu mpya ya Bwana Brassey iliposhushwa majini, ilipewa jina lile la marehemu, na kwenye omo ikawekwa sanamu ya mtoto iliyopakwa rangi ya dhahabu.

Merikebu hiyo ilikuwa na milingoti 3, na urefu wake ulipata futi 170. Kazi yake kubwa ilikuwa ya matanga, lakini ilikuwa na mtambo wa moshi pia, wa kuisaidia upepo ukifa au njia ikiwa nyembamba. Mwanzoni mwa Julai 1876 iliondoka Uingereza na watu wapata 40: baba na mama, watoto wao wanne, rafiki zao kadha wa kadha, yaya, wapishi na mabaharia. Mdogo wa watoto alikuwa angali mchanga. Siku za Jumapili, bahari ikiwa na utulivu, watu walikusanyika kwa sala, mabwana na mabaharia pamoja.

Siku nyingi hazikupita kabla ya kuonjeshwa ukali wa bahari. Walipokuwa wakiikata Ghuba ya Biscay, wimbi kubwa lilipanda ghafula juu ya sitaha. Binti yao Mabelle, wa umri wa miaka 11 hivi, alikuwa ameketi pamoja na nahodha mmoja rafiki wa baba yake. Maji yaliwachukua wote wawili. Nahodha yule, kwa kuwa alikuwa mzoefu, alijizungushia kamba mkononi, na kwa mkono wa pili akamshika mtoto asimwachie, hata maji yakapungua. Mama mwenye watoto hahitaji kuelezwa moyo wa Bibi Brassey ulikuwaje saa ile. Wako wasomaji watakaouliza, Je, ni haki kuwachukua watoto wachanga katika hatari kama hizo? Nasi twauliza vivyo hivyo. Lakini twakumbuka pia kwamba Constance hakufa baharini. Alikufa nchi kavu.

Wakapita Madeira na visiwa vingine, wakafika Rio de Janeiro, kisha nchi ya Argentina, ndipo wakaelekea kusini. Mfereji wa Panama haukuwako siku zile, maana ulifunguliwa mwaka wa 1914. Kwa hiyo kila chombo kilichotaka kwenda pwani ya magharibi ya Amerika kilipaswa kuuzunguka mwisho wa bara lile lote.

Tarehe 28 Septemba waliona merikebu ya matanga imepandisha bendera juu chini, ambayo ni ishara ya msiba. Walipoikaribia, iliwapa habari kwa bendera nyingine: chombo kinaungua, njoni upesi. Lakini wao hawakuona moto wala moshi. Bwana Brassey aliogopa kuwa huenda mabaharia wamemwasi nahodha wao, kwa hiyo mashua aliyoipeleka ilikuwa na watu wenye silaha. Wakakuta habari ni kweli. Merikebu ile iliitwa Monkshaven. Ilikuwa imetoka Swansea na shehena ya makaa ya mawe ya kuyeyushia madini, ikienda Valparaíso. Makaa ya mawe yakirundikwa mengi mahali pasipo hewa ya kutosha ya kuyapoza hupata joto yenyewe kwa yenyewe, na joto lile huongezeka polepole hata yakashika moto ndani kwa ndani. Mabaharia walikuwa wamefunga vifuniko vyote ili kuunyima moto hewa, na kwa siku kadha walikuwa wamekaa juu ya sitaha kwenye baridi na maji, kwa kuwa chini hapakukalika kwa joto na hewa ya sumu. Walikuwa watu 15.

Wakasimulia kwamba chombo kingine kikubwa kilikuwa kimepita, wao wakakionyesha ishara zao, nacho kikaendelea na safari yake. Mwalimu aliyefundisha darasani mfano wa mtu aliyeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko ataona hapa ya kuwa njia ile haiko Palestina peke yake.

Wote 15 walipandishwa katika Sunbeam. Neno hili ni jepesi kuandika, lakini na tufikiri maana yake katika nyumba. Wageni 15 wameingia jioni bila taarifa, nao wana njaa, wamelowana, na hakuna duka mpaka mwisho wa upeo wa macho. Ilibidi maji ya kunywa yapimwe, na ya kuogea yapunguzwe, kwa wenye merikebu kama kwa mabaharia. Mahali pa kulala palitafutwa hapa na pale. Hivyo waliishi wiki moja, hata katika mlangobahari wa Magellan wakakutana na merikebu ya barua, jina lake Illimani, iliyokuwa ikirudi Uingereza, nayo ikawapokea wale waliookolewa.

Hapo ndipo lilipotokea jambo lile lililotusumbua. Siku chache tu baada ya kuagana na watu wa Monkshaven, walipokuwa wangali katika mlangobahari ule, mtumbwi uliwajia. Nchi ya upande wa kusini huitwa Tierra del Fuego, yaani Nchi ya Moto, kwa sababu mabaharia wa Magellan waliopita mwaka wa 1520 waliona mioto ya wenyeji. Ni nchi ya mvua, theluji na upepo usiokoma. Mtumbwi ulikuwa wa mbao zilizoshonwa kwa mishipa ya wanyama, kama mitepe ya Lamu ilivyokuwa ikishonwa kwa kamba za nazi. Ndani walikuwamo mwanamume, mwanamke na kijana, nao wamejifunika ngozi za fisi-maji. Hawakuwa na nguo nyingine.

Watu wa Sunbeam walizitaka ngozi zile. Wakawapa tumbaku na shanga, nao wakazivua, yule mama naye pia, wakapiga makasia wakaenda zao uchi katika baridi ile.

Hatusemi kwamba walinyang'anywa. Walitoa kwa kubadilishana, na Bibi Brassey mwenyewe aliyaandika mambo haya wazi bila kuyaficha. Lakini babu zetu waliijua sana biashara ya shanga, na sisi wajukuu wao hatuwezi kusoma habari kama hii tukapita upesi. Mtu mwenye vazi moja akiliuza kwa ushanga, mnunuzi aliyevaa makoti mawili angeweza kumwambia, Ndugu, kaa nalo. Mikono ile ile iliyogawa maji ya kunywa kwa watu 15 wasiowajua ndiyo iliyozipokea ngozi. Labda ni kwa sababu wale wa kwanza walikuwa Waingereza wenzao, na lugha yao ilijulikana. Labda ni kwa sababu wao walipiga bendera, na hawa hawakuomba kitu ila tumbaku na mkate. Twawaachia wasomaji wayazungumze hayo nyumbani kwao.

Tarehe 30 Oktoba waliondoka Valparaíso. Hiyo ndiyo iliyokuwa safari ndefu kupita zote, maana ilichukua zaidi ya siku 30 kuvuka bahari ya Pasifiki hata Tahiti. Siku nyingi hawakuona ila maji na mbingu. Watoto walikuwa na masomo yao, na mama yao alikuwa akiandika barua ndefu za kupeleka kwao Uingereza, ambazo ndizo zilizokuja kuwa kitabu. Karibu na mwisho wa njia walifika kwenye visiwa vya matumbawe, ambavyo ni hatari kwa merikebu kwa kuwa ni vya chini mno. Mlinzi aliye juu ya mlingoti huona vilele vya minazi kwanza, kana kwamba imeota ndani ya maji. Tarehe 2 Desemba wakatia nanga Tahiti. Wamisionari wa kwanza kutoka London walifika huko mwaka wa 1797, kwa hiyo wageni hawa waliwakuta wenyeji wana makanisa ya zamani na nyimbo zao wenyewe.

Kutoka hapo walikwenda Hawaii, wakafika Yokohama katika Japani mwishoni mwa Januari 1877, kisha Uchina, Singapore, Ceylon na Aden, wakapita mfereji wa Suez, ambao wakati ule haujatimiza miaka 10 tangu kufunguliwa. Tarehe 26 Mei 1877 wakafika Hastings, karibu na nyumbani kwao. Walikuwa wamekwenda zaidi ya maili 35,000.

Kitabu cha Bibi Brassey kilitolewa mwaka wa 1878, kikasomwa sana, kikafasiriwa katika lugha nyingi. Baadaye alitia bidii katika chama cha St John Ambulance, akihimiza watu wafundishwe kuwasaidia walioumia kabla mganga hajafika. Wala hakuacha kusafiri pamoja na mumewe, ingawa kifua kilimsumbua na bahari haikuacha kumlevya.

Safari yao ya mwisho pamoja ilikuwa ya Bara Hindi, Borneo na Australia. Huko alishikwa na malaria, homa tunayoijua sisi sote. Walipokuwa wametoka Port Darwin wakielekea Mauritius, tarehe 14 Septemba 1887, alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka 47. Pwani ilikuwa mbali. Wakamzika baharini. Mwaka wa 1889 maandiko yake ya safari ile yalichapishwa, na Bwana Brassey akayatangulizia habari za maisha ya mkewe, akiwaandikia watoto wao.